Siwezi Kusema Mpaka Nifungue

Miaka ishirini na sita nimewaambia watu wa Malindi:
badilisha.
Mama Riziki wa Maweni na mfereji wake unaodondoka,
mwenye gesti kule Casuarina, tangi likimlilia usiku kucha,
wote nimewaambia, hii tukiitengeneza utaniita tena.
Maji yetu yana chumvi,
na chumvi haina urafiki na shaba.
Nunua mpya. Mkono wangu ni mia tano.

Sasa ni mimi niliyelalia ubavu wa kushoto,
kifua kimepakwa mafuta ya baridi,
na Daktari Thureya, ajaye Alhamisi moja kwa mwezi,
ananionyesha kwenye kioo valvu yangu mwenyewe.
Nikaijua kabla hajatamka.
Inafunga, haifungi.
Ulimi mmoja umelegea kama washa iliyosahauliwa juani,
na kila pampu ikisukuma mbele
kiasi kinarudi nyuma,
shwii,
kumbe ndiyo maana ghorofa moja tu
hunikalisha juu ya sanduku la vifaa
nikisingizia kuhesabu fitingi.

"Kuna njia mbili," akasema.
Nikacheka. Kama kuna mtu anayezijua!

Kuishona ileile:
kupunguza palipozidi, kukaza palipolegea,
kuivalisha pete pembeni isizidi kutanuka.
Inabaki nyama yangu, tumezoeana.
Ila huenda siku moja ikavuja tena,
na kifua si tangi la choo,
huinui mfuniko kila mwaka.

Au kuitoa.
Ya chuma itanizika, si mimi nitakayeizika.
Lakini damu huiogopa chuma, huganda,
basi kidonge kila jioni mpaka kaburini,
na kupimwa, na kuulizwa wiki hii mchicha umekula kiasi gani,
na usiku Umazi ataisikia kifuani mwangu,
tik, tik,
atadhani nimelala na saa.
Nikaitazama mikono yangu.
Hakuna kidole ambacho msumeno haujakionja.
Damu iliyolainishwa, na kazi hii?

Ya ng'ombe nayo ipo. Haina masharti mengi,
ila huchakaa, na mimi nina arobaini na tisa;
nitarudi mezani nikiwa babu.
"Na zile za nguruwe?" akauliza shemeji yangu Athumani
kwa sauti ya chini,
kana kwamba nguruwe mwenyewe yuko nje, kwenye foleni.

Nikamwuliza daktari swali la wateja wangu:
ingekuwa nyumba yako, ungefanyaje?
"Ikitengenezeka, naitengeneza.
Lakini siwezi kusema mpaka nifungue."

Maneno yangu hayo!
Nimeyasema chini ya masinki mangapi,
shavu kwenye saruji, tochi mdomoni,
mwenye nyumba nyuma yangu akidhani namficha bei.
Karatasi moja, sahihi moja, kwa njia zote mbili:
nitalala Mombasa nisijue,
na nitakapoamka nitaambiwa mimi ni yupi.

Umazi ndiye aliyeuliza la maana.
"Mtajuaje imeshika, kabla hamjamfunga?"
Daktari akasema: tunajaza maji moyoni, maji ya chumvi,
kisha tunatazama.
Ulimi ukikutana na ulimi, lisipite tone, basi.

Kijana wangu Mwaringa nimemgombeza mara ngapi:
usipige plasta kabla hujafungulia maji.
Kalamu nikaichukua hapo.

Jana nilipita kwa Mama Riziki.
Mfereji wa shaba nzito, wa zamani,
umeota kijani shingoni.
Mpya nilikuwa nayo mfukoni, kwenye karatasi yake.
Nikaufungua ule wa zamani.
Nikausugua kitako taratibu, pumzi zikiniisha,
nikaukatia washa kwenye mpira wa tairi,
nikaurudisha.
Nikafungulia maji. Nikachutama, nikangoja.

Alinilipa mia mbili.
Alitaka mpya.